TAULO NI CHOMBO CHA KAZI

Hotuba kwa wanachama waoshao na kung'arisha magari

Ndugu wanachama,

Leo twataka kusema nanyi juu ya taulo. Pengine wengine watacheka, maana katika mikutano yetu tumezoea kusikia habari za mshahara, saa za kazi na likizo. Lakini tusikilizane mpaka mwisho, nasi tutaona ya kuwa taulo na mshahara si mambo mawili mbalimbali.

Jambo lenyewe ni hili. Gari jeusi limeoshwa, limefutwa, limepakwa nta, na mwenyewe amelichukua kwa furaha. Kesho yake adhuhuri arudi na hasira. Katika jua kali bodi yote yaonyesha mikwaruzo midogo iliyozunguka kama utando wa buibui. Tajiri auliza, "Nani alilifuta gari hili?" Ndugu yetu ajitaja, na mwisho wa mwezi mshahara wake wakatwa. Hakuna aulizaye taulo ilikuwa katika hali gani, wala ilifuliwa kwa maji gani, wala ilianikwa wapi.

Taulo yenyewe ni laini. Kinachokwaruza ni mchanga uliokaa ndani yake. Juu ya rangi ya gari la siku hizi pana vanishi isiyo na rangi, na unene wake kwa kawaida ni karibu na 1/20 ya milimita tu. Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko vanishi hiyo. Ikishikwa na taulo na kusukumwa na mkono, huchora bodi kama msumari uchoravyo ubao.

Taulo tunazotumia huitwa maikrofaiba. Si pamba. Hutengenezwa kwa poliesta na nailoni, mara nyingi poliesta sehemu 80 na nailoni sehemu 20 katika kila 100, au 70 na 30. Kila uzi hupasuliwa vipande vyembamba sana, kama chungwa ligawanyikavyo, na kila kipande ni chembamba kuliko unywele wa mtu. Katikati ya vipande hivyo mna nafasi ndogo ndogo zisizohesabika. Hizo ndizo zinyonyazo maji na kushika vumbi. Hiyo ndiyo sifa ya taulo hii, na hiyo ndiyo hatari yake pia: ikishika kitu, haikiachi upesi. Basi kuifua kama tufuavyo suruali ya kazi hakufai. Na tufuate taratibu hizi.

Kwanza, tuzitenge. Taulo ya bodi isifute rimu, maana vumbi la breki lina chembe za chuma. Taulo ya vioo isiguse nta, wala taulo ya ndani isiguse injini. Njia rahisi ni rangi: tuchague rangi moja kwa bodi, nyingine kwa vioo, nyingine kwa ndani, na zile zilizozeeka ziwe za rimu na injini. Kila mtu ajue rangi hizo, hata aliyeanza kazi leo asubuhi.

Pili, taulo ikianguka chini, kazi yake imekwisha mpaka ifuliwe. Kuikung'uta hakutoshi. Na tunapofuta tuikunje mara mbili, ipate pande nane. Upande mmoja ukichafuka, tugeuze mwingine.

Tatu, tusizifue pamoja na nguo za pamba. Pamba hutoa manyoya, nayo maikrofaiba huyashika yote, kisha huyaacha juu ya kioo cha mteja. Taulo mpya pia zifuliwe kabla ya kutumika, maana huja na nyuzi zisizoshikamana na pengine rangi inayotoka.

Nne, tutumie sabuni ya maji, tena kidogo. Sabuni ya unga isiyoyeyuka vizuri huacha chembe ndani ya nyuzi. Dawa ya kulainisha nguo tusitie hata tone moja. Dawa hiyo hupaka nyuzi utando wa mafuta na kuziba zile nafasi, na taulo husukuma maji badala ya kuyanywa. Tena tusitie ile dawa yenye klorini ambayo wengi huiita jiki. Hiyo huiharibu nailoni.

Tano, joto la maji. Maji ya uvuguvugu, ambayo mkono wavumilia bila taabu, yafaa sana. Yakipita digrii 60 twaanza kuziharibu nyuzi, kwa sababu poliesta na nailoni ni jamii ya plastiki. Kwa hiyo tusizichemshe wala tusizipige pasi.

Sita, tuloweke, tusugue kwa mikono taratibu, kisha tusuuze katika ndoo ya pili yenye maji safi, na turudie mpaka maji yasiwe na povu. Taulo iliyokwisha kufuta nta ilowekwe peke yake. Ile iliyopaka zile dawa mpya za kukinga rangi ambazo hukauka na kuwa ngumu kama kioo, tusiirudishe kwenye bodi kamwe, maana dawa hiyo ikigandia ndani haitoki.

Saba, tuzianike kwenye kamba, kivulini, penye upepo, mbali na vumbi la barabara. Tusizitandaze juu ya nyasi wala ua wa miti, wala tusizitundike kwenye seng'enge. Mwiba mmoja mdogo ukibaki ndani, kazi yote ya kufua imekuwa bure. Zikikauka ziwekwe katika pipa lenye kifuniko.

Jaribio liko moja rahisi. Mwaga maji kidogo juu ya kioo, ulaze taulo juu yake. Ikiyanywa upesi, ni nzima. Ikiyasukuma, ina mafuta au sabuni, ifuliwe tena. Kisha ipapase kwa vidole, na ukisikia kitu kigumu, iende kwenye rimu.

Sasa, ndugu, turudi kwenye mshahara.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yampa mwajiri ruhusa ya kukata kiasi cha haki kwa ajili ya mali iliyoharibika au kupotea ikiwa mkononi mwake, lakini pale tu uharibifu ulipotokana na kosa la kusudi la mfanya kazi. Tena makato yote kwa jumla yasipite theluthi mbili za mshahara. Sheria hiyo yawajua pia wafanya kazi wa kipande.

Tulitazame neno hilo, kosa la kusudi. Mtu aliyepewa taulo mbili kwa magari kumi, na ndoo moja ya maji yaliyokwisha kuwa tope, amefanya kosa gani la kusudi? Sisi twasema hakufanya. Lakini yule aliyeona taulo imeanguka mchangani, akaiokota na kuendelea kufuta, huyo ni vigumu kumtetea. Ndiyo sababu twawaambia: tujue kazi yetu kwanza, ndipo tuwe na nguvu ya kudai.

Na madai yetu ni haya. Tupewe taulo za kutosha, ili gari moja lisifutwe na uchafu wa jingine. Tupewe maji safi, sabuni ya maji, ndoo mbili za kufulia, kamba penye kivuli na pipa lenye kifuniko. Kufua taulo kuhesabiwe kuwa kazi, kufanywe ndani ya saa za kazi, wala si baada ya jua kutua bila malipo. Na kwa kuwa dawa nyingine za kusafishia rimu zina asidi, tupewe glovu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri awape vifaa vya kujikinga watu wafanyao kazi penye maji na penye vitu vya kudhuru.

Tena tuwe na daftari. Kila asubuhi tuandike taulo ngapi zipo, ngapi ni za bodi, ngapi zimechakaa, na siku gani tuliomba mpya. Siku ya lawama, daftari litasema pamoja nasi. Maneno ya mdomo husahauliwa, maandishi hubaki.

Tajiri mwenye busara hatakataa mambo haya. Bei ya taulo chache na sabuni ni ndogo kuliko gharama ya kung'arisha upya bodi nzima, na kuling'arisha gari mara kwa mara hula ile vanishi nyembamba mpaka iishe.

Ndugu, fundi seremala hunoa randa yake, na mshonaji huitia mafuta cherehani yake. Sisi chombo chetu ni taulo. Tuitunze, ili tukisimama kudai haki yetu mikono yetu iwe safi.

Umoja ni nguvu.