Meza ya Kuchomelea Vyuma Nyumbani
(Mazungumzo kwa wanachama, Machakos)



Sisi watu wa reli twajua ya kuwa reli isipolazwa sawa, gari la moshi halifiki hata likiwa jipya. Kuchomelea vyuma ni vivyo hivyo. Wengi wetu siku za mapumziko hutengeneza milango na madirisha nyumbani, tupate karo ya watoto. Lakini twafanyia kazi chini, juu ya mawe. Mwaka jana tulitengeneza lango namna hiyo. Lilipopoa likawa limepinda, na mwenyewe akalikataa. Fedha zikapotea, na mgongo ukauma wiki nzima. Ndipo tukaona heri tuunde meza.

Meza hiyo lazima ibebeke. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 bila kupita mji wa Machakos, na nyumba zetu ziko vilimani. Bamba la chuma la sentimita 60 kwa 90, lenye unene wa milimita 6, lina uzito wa kilo 25 hivi. Mtu mmoja hapandi nalo mlima. Kwa hiyo tulilikata vipande viwili virefu, kila kimoja kilo 13 hivi, tukavifunga kwa bolti juu ya fremu ya chuma cha pembe. Katikati tuliacha nafasi ya vidole viwili, ili kibanio kipate kupita.

Miguu ni ya bomba. Kila mguu huingia katika bomba fupi lililochomelewa kwenye pembe ya fremu, kisha bolti huukaza. Kigoda cha wazee wetu Wakamba kina miguu mitatu, wala hakiyumbi penye mawe. Nasi tulijaribu mitatu, lakini meza ya pembe nne ikiegemewa pembeni huanguka. Tukarudia minne, na chini ya mguu mmoja tukachomelea nati na kutia bolti kubwa. Ukiizungusha, mguu hurefuka au hufupika mpaka meza itulie. Kimo chake ni kiunoni.

Mambo matatu msiyasahau. Kwanza, bomba lililopakwa zinki likichomwa hutoa moshi unaoleta homa; tumieni bomba jeusi. Pili, waya wa kurudisha umeme ubanwe penye chuma kitupu kisicho na rangi, nanyi mvae viatu vikavu. Tatu, shikizeni kwanza kila pembe kwa nukta ndogo, kisha pimeni kutoka pembe hadi pembe inayoelekeana nayo. Vipimo viwili vikiwa sawa, chomeni upande huu na upande ule kwa zamu, maana chuma kikipoa hunywea na kuvuta.

Ndugu, fremu ya meza hii tuliikata katika lango lile lililokataliwa. Lango la pili tulilitengeneza juu yake, na mwenyewe alilipa siku ile ile. Anayetaka kuiazima na aje, tutamsaidia kuibeba.