Siku ya Pili ya Matibabu: Maambukizi ya Tumbo kwa Mgonjwa wa Ini

Mazungumzo na wananchi wa Usinge, Wilaya ya Kaliua

Leo hatukuja kuzungumzia mizani ya dukani wala bidhaa zilizokwisha muda wake. Tumekuja kuzungumzia huduma ambayo mwananchi huipokea akiwa katika hali ya unyonge kuliko zote, yaani matibabu ya mgonjwa aliyelazwa. Neno letu ni moja: dawa kuingia mwilini si ushahidi kwamba inafanya kazi. Kazi ya dawa hupimwa, na kipimo hicho kina siku yake.

Ini lililougua kwa miaka mingi, mara nyingi kwa sababu ya virusi vya homa ya ini B au C, au kwa pombe, hujaa makovu na kusinyaa. Damu inayopaswa kupita humo hukutana na kizuizi, na maji hujikusanya tumboni. Tumbo hufura, miguu huvimba, mwili hukonda. Wapo wanaolihesabu tumbo hilo kuwa kazi ya wachawi, na siku za thamani hupotea kwa kutafuta mganga.

Maji hayo yana kinga hafifu. Vimelea vinavyoishi ndani ya utumbo huweza kuvuka ukuta wake na kuyaingia, ingawa utumbo wenyewe haukutoboka. Mgonjwa huweza kupata homa, maumivu ya tumbo, kutapika au kuharisha. Huweza pia kuchanganyikiwa, au mkojo wake ukapungua. Lakini wengine hawaoneshi dalili yoyote ya tumbo. Kwa sababu hiyo, mgonjwa wa ini mwenye maji tumboni anapolazwa, maji hayo hupaswa kuchotwa kidogo kwa sindano na kupimwa mapema, inapowezekana kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki.

Mtaalamu wa maabara huhesabu kwa hadubini aina fulani ya chembe nyeupe za damu, zile zinazotangulia kupambana na bakteria. Zikifika 250 au zaidi katika milimita moja ya ujazo, mgonjwa huhesabiwa kuwa na maambukizi na matibabu huanza mara moja. Maji mengine hutiwa palepale kitandani katika chupa maalumu ya kuoteshea vimelea. Majibu ya kuotesha huchukua siku kadhaa, na mara nyingi hakioti kitu ingawa maambukizi yapo. Kwa hiyo matibabu hayangojei majibu hayo.

Dawa inayotumika sana ni seftriaksoni au sefotaksimu, kwa njia ya mshipa, kwa kawaida siku 5 hadi 7. Mgonjwa aliyeambukizwa akiwa tayari hospitalini huenda akahitaji dawa nyingine, kwa kuwa vimelea vya wodini mara nyingi ni sugu zaidi.

Sasa tufike kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Baada ya saa 48, yaani siku ya pili kukamilika, ndipo swali huulizwa: je, dawa imefanya kazi? Njia ya kulijibu ni kuchota maji tena na kuhesabu upya. Hesabu hupaswa kuwa imeshuka angalau kwa asilimia 25. Tuseme siku ya kwanza zilikuwa chembe 1,200. Zikishuka hadi 300, dawa inafanya kazi. Zikiwa 1,100, mgonjwa hata akisema anajisikia vizuri kidogo, hesabu inasema dawa haijatosha.

Wakulima wa tumbaku mnalielewa jambo hili kuliko wengi. Hakuna anayekubali robota lake likadiriwe kwa macho, wakati mizani ipo. Basi na mgonjwa wenu asikadiriwe kwa macho.

Hesabu isiposhuka, kuna mambo mawili ya kufikiriwa. La kwanza ni kwamba vimelea ni sugu kwa dawa hiyo na inapaswa kubadilishwa. La pili ni kwamba utumbo umetoboka au kuna jipu ndani ya tumbo. Hapo sindano peke yake haitoshi, na daktari wa upasuaji huhitajika haraka. Anayeendelea na dawa ileile hadi siku ya saba bila kupima anaweza kuugundua ukweli huo akiwa amechelewa. Daktari anaweza kuona kwamba mgonjwa aliyepata nafuu iliyo wazi hahitaji kuchotwa tena. Huo ni uamuzi wa kitaalamu, nanyi mna haki ya kuelezwa sababu yake.

Kiungo cha pili cha kuangaliwa ni figo. Wagonjwa wengi wa maambukizi haya huuawa na figo zinazoshindwa kazi wakati vimelea vyenyewe vinadhibitiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 nchini Marekani, uliofanywa Hispania kwa wagonjwa 126, ulilinganisha waliopewa antibayotiki peke yake na walioongezewa albumini, ambayo ni protini ya damu inayotiwa mshipani. Figo ziliharibika kwa asilimia 33 ya kundi la kwanza na asilimia 10 ya kundi la pili. Waliofia hospitalini walikuwa asilimia 29 na asilimia 10. Albumini ni ghali na haipatikani kila hospitali, nayo hutolewa katika saa za mwanzo na tena siku ya tatu. Kwa hiyo swali lake huulizwa siku ya kulazwa, si baadaye. Damu nayo hupimwa mara kwa mara kuangalia kreatinini, kipimo kinachoonesha hali ya figo.

Ndugu anayeuguza ana kazi yake. Mkojo ukusanywe katika chombo chenye alama, na kiasi cha kila siku kiandikwe. Muulizeni mgonjwa leo ni siku gani na yuko wapi. Majibu yakianza kupotoka, mwiteni muuguzi. Mwiteni pia akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, au homa ikirudi baada ya kutulia.

Yapo ya kuepuka. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wengi hununua kwa maumivu ya mgongo, huweza kuziangusha figo za mgonjwa huyu. Sindano ya gentamisini nayo ni hatari kwake. Mitishamba isipenyezwe wodini kwa siri.

Usinge ipo kwenye Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914 kwa kufuata upande uleule wa misafara ya zamani kati ya Tabora na Ujiji. Mgonjwa wa hapa huweza kupelekwa Kaliua, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete, mjini Tabora. Mgonjwa akisafiri, karatasi zake zisafiri naye. Barua ya rufaa itaje dawa aliyokwisha kuchomwa, kiasi chake na saa aliyochomwa, pamoja na hesabu ya chembe kama ilikwisha kufanyika. Bila namba ya kwanza, namba ya pili haina cha kulinganishwa nacho.

Mkitakiwa kununua dawa nje, nunueni katika famasi iliyosajiliwa. Angalieni jina, tarehe ya mwisho wa matumizi na kizibo, kisha tunzeni risiti. Dawa mnayoitilia shaka itolewe taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Mgonjwa akiruhusiwa, safari haijaisha. Bila kinga, wengi wa walionusurika huambukizwa tena ndani ya mwaka mmoja. Daktari huweza kuagiza siprofloksasini au ko-trimoksazoli ya kumeza kwa muda mrefu. Isikatishwe kwa sababu tumbo limetulia, wala isianzishwe kwa ushauri wa jirani. Nanyi mlio wazima, pimeni homa ya ini B. Chanjo yake imo katika chanjo za watoto nchini tangu mwaka 2002, watoto wasikose.

Yashikeni maswali haya matano, muyaulize kwa heshima:

1. Je, maji ya tumbo yamepimwa, na hesabu ni ngapi?
2. Dawa gani imeanza, na saa ngapi?
3. Baada ya saa 48 yatapimwa tena?
4. Figo zinaendeleaje, na albumini inahitajika?
5. Akitoka, atatumia dawa gani ya kinga, na atarudi lini?

Kuuliza si kumdharau daktari. Daktari mwenye wagonjwa wengi hufurahi kukuta ndugu anayejua kwamba leo ni siku ya pili.