MPAKA WA JIRANI NA GHALA LETU

(Maneno ya Katibu wa Chama katika mkutano wa wanaushirika. Yamenakiliwa hapa ubaoni kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Tumeombwa tueleze mtu afanye nini jirani yake anapojenga akaingia katika ardhi yake. Kesi za namna hii ni nyingi hapa kwetu. Huyu kasogeza zizi, yule kachimba choo ng'ambo ya minyaa, mwingine kajenga banda juu ya njia ya maji. Tumekubali kueleza, lakini tutaanza na nyumba yetu wenyewe. Haifai kuwafundisha watu mipaka wakati ghala letu limelala katika shamba la mtu.

Ndiyo, ndugu zangu, tusifichane. Mwezi uliopita tulipima kwa kamba ili tuongeze chumba cha mizani. Tukakuta ukuta wa nyuma umeingia kwa mama jirani yetu hatua tatu upande wa juu na hatua tano upande wa chini. Visiki vya minyaa ya mpaka wa zamani viko ndani ya uzio wetu, na kila mwenye macho ameviona. Isitoshe, maji ya bati yanamwagika moja kwa moja kwenye maharage yake, na udongo umeshachimbika. Tarehe 3 Desemba 2023 tuliona pale Katesh jinsi maji na tope la Mlima Hanang vilivyoangamiza watu na nyumba. Hatusemi maji ya bati ni sawa na yale. Tunasema kwamba watu wa nchi hii ya miteremko hatuna haki ya kuyachezea maji.

Tuseme pia lililo gumu zaidi. Siku ya kuchimba msingi mama yule alikuja akasema, "Wanangu, hapo mmeingia kwangu." Akajibiwa kwamba hii ni mali ya watu wote, asizuie maendeleo. Sisi tulikuwepo na tukanyamaza. Siku ile kunyamaza kwetu kulikuwa sawa na kushika jembe.

Sasa yako maneno matatu yanayotembea kijijini, na tunapenda tuyajibu mbele ya wote.

La kwanza, wanasema mama hana hati. Ndugu zangu, hili lilikwisha kuamuliwa, tena kwa kesi ya watu wa huku huku. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph walikuwa wakulima wa Kambi ya Simba. Leo kijiji hicho kiko Wilaya ya Karatu, lakini zamani kilikuwa Mbulu. Ardhi yao ilichukuliwa wakati wa Operesheni Vijiji. Mwaka 1987 walikwenda mahakamani kuidai, wakashinda. Mwaka 1992 ikatungwa sheria ya kufuta haki za namna ile, nao wakaipinga. Shauri likafika Mahakama ya Rufani, na mwaka 1994 Mahakama ile ikasema kwamba haki ya mtu ya kumiliki ardhi kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Basi kukosa karatasi siyo kukosa haki. Na asitokee mtu wa kusema kwamba mwanamke harithi mpaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imebatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi.

La pili, wanasema mama alikubali, na dole gumba lake lipo. Tumeiomba karatasi hiyo tukaisoma herufi kwa herufi. Ni orodha ya waliohudhuria mkutano. Hakuna humo neno lolote la kutoa ardhi. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tunaujua uchungu wa kuweka dole kwenye karatasi usiyoijua inasema nini. Tusimfanyie mwenzetu jambo tulilolikimbia sisi wenyewe.

La tatu ndilo baya kuliko yote, nalo linasemwa kwa kunong'ona. Wanasema ghala lina miaka tisa, na Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inatoa miaka 12 ya kudai ardhi, basi tunyamaze miaka mitatu tu. Jamani, huo ni ushirika gani? Mtu anayehesabu siku za kukaa kimya ili amchukulie mjane shamba, huyo anavizia. Kama ndiyo hivyo, tung'oe na kibao chetu mlangoni, maana jina la ushirika litakuwa halitufai tena.

Baada ya kusema hayo, sasa tueleze njia yenyewe, kwa faida ya mama huyu na ya kila mmoja wetu.

Kwanza, sema mapema. Jirani akianza kuchimba msingi, nenda siku hiyo hiyo ukiwa na mashahidi wawili wanaoujua mpaka. Zungumza kwa adabu. Msingi unaondoka kwa jembe, lakini nyumba yenye bati na watoto ndani ni shauri lingine.

Pili, usibomoe. Hata kama ukuta umeingia kwako waziwazi, ukiuvunja kwa mkono wako wewe ndiye utakayeshtakiwa kwa kuharibu mali. Na wewe uliyejenga, usithubutu kung'oa alama ya mpaka usiku. Hilo nalo ni kosa la jinai.

Tatu, kusanya ushahidi. Wazee waliopanda minyaa wangali hai, waandikwe walichoona. Hapa tukumbuke Mulbadaw kule Hanang. Kijiji kile na wanakijiji wake walilishtaki Shirika la NAFCO kwa ajili ya ardhi iliyoingizwa katika mashamba ya ngano. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua, kwa sababu kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile kisheria, na wanakijiji hawakuthibitisha umiliki wao wa kimila. Uchungu wa jambo lile watu wa Hanang wanao mpaka leo. Basi ukiwa na haki, uwe na ushahidi pia.

Nne, peleka shauri Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha, hakuna anayelazimishwa kukubali. Mkishindwana, nendeni Baraza la Kata. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Baraza la Kata nalo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Lisipowapatanisha katika siku 30, mwenye dai anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko ndiko kwenye hukumu, na huko ndiko nauli na siku za shamba zinakoishia.

Tano, usilete shauri la mpaka ofisi ya Chama ukitegemea hukumu. Chama siyo mahakama. Tunaweza kuwaketisha watu wakasemezana, basi. Katibu anayegawa mipaka ya watu anajipa kazi ambayo hakupewa.

Sita, mkipatana, andikeni. Pimeni mbele ya majirani wa pande zote, pandeni alama mpya, na kila upande ubaki na nakala. Anayetaka hati ya hakimiliki ya kimila aombe Halmashauri ya Kijiji wakati mpaka una amani, asingoje ugomvi.

Sasa turudi kwenye ghala. Tunaleta mapendekezo haya, nanyi muyaamue kwa kura.

Ushirika uende kwa mama huyu, Mwenyekiti akiwa mbele, ukiri kwamba tumeingia kwake. Tusipeleke maneno ya "labda" wala "inasemekana". Kisha tumpe nafasi ya kuchagua mwenyewe. Akitaka, tubadilishane naye: achukue kipande cha ushirika kilicho kando ya barabara, kwa ukubwa usiopungua na udongo usiopungua. Akipenda fedha, tumlipe bei ya haki, pamoja na maharage yaliyoharibika. Akisema anataka ardhi yake ile ile, tutabomoa ukuta wa nyuma na kuujenga upya ndani ya mpaka wetu. Tunajua ghala litapungua nafasi, na msimu wa mbaazi magunia mengine yatalala majumbani. Tunajua pia kwamba fedha ya tofali ilitoka kwenye makato yenu. Hasara hiyo ni yetu, kwa sababu kosa ni letu.

Mapatano yaandikwe mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji. Yasomwe kwa sauti, taratibu, na mtu anayemchagua mama mwenyewe, kwa lugha anayoielewa vizuri. Asipoelewa, asiweke dole.

Wakati tunasubiri kura, gata lifungwe wiki hii na maji yaelekezwe kwetu. Jambo hilo halihitaji mkutano. Vijana wawili na ngazi wanatosha. Sisi tutaleta misumari.

Mwisho, ndugu zangu, mama yule hajatutukana hata siku moja. Juzi alipopita ghalani alituuliza tu, "Mmeshapima?" Tukamjibu kwamba tumeshapima. Akasema, "Haya." Akaenda zake shambani. Jibu lililobaki ni la mkutano huu.



Ushirika ni nguvu, na nguvu hiyo isimwangukie jirani.