Njoo na Vyeti Halisi

Tangazo mmelisikia. Tumelisoma hapa asubuhi na jioni tangu Jumatatu: wanatakiwa wabunifu wa bidhaa, vijana wa kubuni vifaa vya wachimbaji wadogo, usaili Jumanne ijayo mjini Geita. Mmepiga simu. Wengine mnalalamikia kikomo cha umri, wengine mnauliza kama watu wa Shinyanga na Kahama nao wamo. Hayo wenye tangazo watayajibu. Kinachotusumbua sisi ni mstari wa mwisho. Msailiwa aje na vyeti halisi.

Vyeti halisi. Cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo, na nakala zilizogongwa muhuri wa wakili. Kifaa ulichowahi kutengeneza kwa mkono wako hakikutajwa. Mchoro haukutajwa. Hata picha ya simu ya kitu ulichokijaribu kikavunjika, haikutajwa. Vyeti halisi, basi.

Tunaujua mzigo wa wasaili. TRA, mamlaka ya mapato, ilipotangaza nafasi 1,596, zile za usaili wa Machi 2025, walioomba walipita 135,000. Umati wa namna hiyo utaanza kuuchuja kwa karatasi, utafanyaje? Sawa. Lakini anayetafutwa Jumanne ni mtu wa kubuni, na ubunifu haugongwi muhuri.

Nanyi vijana mmelipokea tangazo kama lilivyo. Juzi kwenye steshenari jirani na kituo chetu palikuwa na foleni ya kuchapa karatasi moja inayozunguka WhatsApp, maswali na majibu ya usaili. Kijana mmoja, bahasha ya kaki kwapani, alikuwa akikariri kwa sauti: udhaifu wangu ni kwamba napenda kazi kupita kiasi. Mwenye steshenari alicheka. Tukamuuliza, mwanetu, umewahi kufika mwaloni, dhahabu inakooshwa? Hajawahi. Karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, amewahi kuliona likifunguliwa? Ameliona kwenye video. Vyeti halisi anavyo.

Tungekuwa sisi wasaili, swali la kwanza lingekuwa hili: retoti ilikwama wapi?

Retoti ni chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba. Unaweka dhahabu iliyoshikana na zebaki, unafunika, unawasha moto, mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, zebaki inarudi kuwa maji maji na mapafu yako yanapona. Mradi wa zebaki wa UNIDO, shirika la maendeleo ya viwanda la Umoja wa Mataifa, ulioanza 2002, ulifika mpaka Lwamgasa, wengine huandika Rwamagasa, hapa hapa Geita, na retoti zikahimizwa. Mwaka 2020 Tanzania ikaridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki. Na bado mpaka leo, nenda mialoni, utakuta dhahabu inachomwa wazi juu ya mkaa, watu wameinama.

Mtu wa vyeti atakwambia ni ujinga, wachimbaji wanahitaji semina. Hapana! Aliyewahi kusimama pale anajua. Dhahabu ile ina wenyewe wengi: mwenye duara, yaani shimo, waliochimba, aliyekopesha chakula. Wote wamesimama wanakodoa macho mpaka ing'ae. Sasa wewe unakuja na chungu chenye mfuniko. Ndani kinaendelea nini, nani ajuaye? Ikitoka pungufu, nani kaiba? Na moto unachukua muda, na mnunuzi anasubiri. Chungu kilifanya kazi yake barabara. Mfuniko ndio uliowashinda watu. Hilo hulipati kwenye karatasi ya steshenari.

Halafu kuna wabunifu ambao hakuna aliyewaita usaili. Tulimwona mama mmoja anaponda mawe kwa nyundo. Amekata mpira wa tairi, ameukunja kitanzi, ameacha mkia wa kushikia. Jiwe linakaa ndani ya kitanzi, nyundo inashuka, vipande havirukii machoni, vidole viko mbali. Tukamuuliza nani alikufundisha. Akasema vidole. Akatuonyesha kimoja kilichopinda. Mama yule hana cheti halisi wala nakala, na kifaa chake kinatumika kila siku, jambo ambalo retoti nyingi zimeshindwa.

Kwa hiyo wenye tangazo, muda mnao. Ongezeni mstari mmoja. Mwambieni msailiwa aje na kitu alichokitengeneza, au aje na kitu kibovu aeleze kwa nini kibovu. Wekeni karasha mezani, wekeni beseni, mwulizeni angebadilisha nini. Mkirudia vyeti halisi, mtapata vyeti halisi!

Nanyi vijana, amkeni. Acheni kukariri udhaifu. Leo Ijumaa, kuna Jumamosi, kuna Jumapili, kuna Jumatatu nzima. Panda gari la Katoro, chukua bodaboda, fika Lwamgasa. STAMICO, shirika la madini la taifa, wana kituo chao cha mfano pale, cha kuchenjua dhahabu bila zebaki, omba uone. Kisha vuka uende kwa wale ambao bado hawakitumii, maana hao ndio kazi yako. Usianze na dodoso. Anza na salamu ya Kisukuma: mwangaluka, mayu. Shika beseni uoshe nao. Kaa pale karasha linapofunguliwa, unga ukitimka, uone wanavyojifunga khanga puani, uhesabu bolti zinazofunguliwa na gololi zinazotolewa. Waulize wanachukia nini katika mashine ile, kisha nyamaza uchore. Chora vibaya, chora kwenye gunia, lakini chora! Jumanne ingia na mchoro huo wenye vumbi, uuweke mezani kabla hawajakuuliza jina.

Ile bahasha ya vyeti iache nyumbani mpaka Jumanne. Kwenye karasha itachafuka.