Gharama za Kutandika Njia ya Kuingilia Ghalani

Maneno yaliyosemwa mbele ya makatibu wa vyama vya msingi



Vyama kadhaa vimeleta makisio ya kutandika matofali ya saruji kwenye njia itokayo barabarani hadi mlangoni mwa ghala. Haja hiyo ni ya kweli. Lori likikwama topeni, magunia hubebwa vichwani katika mvua, na kahawa iliyolowa hushuka daraja. Lakini makisio mengi hutaja bei ya matofali tu, nayo ni sehemu moja ya kazi.

Tuchukue njia yenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 4, yaani mita za mraba 80. Matofali ya sentimita 20 kwa 10 huingia 50 katika kila mita ya mraba; kwa hiyo yahitajika 4,000, na 200 zaidi badala ya yatakayovunjika. Unene uwe sentimita 8. Yale ya sentimita 6 ni rahisi, ila yafaa ua wa nyumba na magari madogo.

Hata hivyo, uzito wa lori huishia kwenye kitako kilicho chini ya matofali. Udongo laini uchimbwe na kutolewa, kisha changarawe imwagwe kwa tabaka na kushindiliwa kwa mashine hadi ifikie sentimita 20. Hizo ni mita za ujazo 16 zilizokwisha kushindiliwa. Kwa kuwa changarawe hujipunguza ishindiliwapo, itabidi kununua 20 au zaidi. Juu yake huja mchanga wa sentimita 3. Tena kuna kingo za zege kila upande, maana bila hizo matofali huachana. Na mtaro, kwani maji yakituama chini ya njia, fedha yote imezama humo. Mkandarasi mwenye bei ya chini mno mwulizeni mambo haya kwanza. Mara nyingi ameyaacha.

Katibu apelekapo makisio kwenye Mkutano Mkuu, ayaeleze kwa kilo. Tuseme kazi yote ni shilingi 8,000,000, na chama hukusanya kilo 400,000 kwa msimu: hizo ni shilingi 20 katika kila kilo. Mkulima wa kilo 300 atajua mara moja kwamba anachangia shilingi 6,000, naye ana haki ya kukataa, au kutaka makato yagawanywe kwa misimu miwili.

Mkataba nao uandikwe, na asilimia 5 hadi 10 ya malipo izuiwe mpaka masika yapite juu ya njia hiyo.