Tusile Msimu Kabla Haujafika
Mazungumzo kuhusu kununua, kukopa na heshima ya kaya katika pwani ya Kilwa na Lindi



Nimeombwa nizungumze juu ya haki za mlaji. Naomba nianze na neno lenyewe. Katika lugha ya sheria zetu, mlaji si yule anayekula chakula peke yake. Ni kila mtu anayenunua bidhaa au huduma kwa matumizi yake: anayenunua unga, anayepanda basi la kwenda Nangurukuru, anayeweka vocha kwenye simu, na hata anayekopa fedha. Kwa maana hiyo sote tulio hapa ni walaji, tajiri na maskini, mkulima na mvuvi. Lakini mlaji naye anaweza kuliwa, na mara nyingi huliwa wakati ule ule anapodhani kwamba yeye ndiye anayekula. Hilo ndilo ninalotaka tulitazame leo.

Kununua si jambo geni kwetu

Wako watu wanaosema kwamba tamaa ya vitu imeletwa na simu na televisheni. Sisi wa pwani hii hatuwezi kusema hivyo. Magofu ya Kilwa Kisiwani yanatukumbusha kuwa wazee wetu walikuwa wanunuzi wakubwa. Dhahabu iliyotoka upande wa Sofala ilipitia hapa, na kwa biashara hiyo walinunua vyombo vya kauri vya China, shanga na nguo za Bara Hindi, na vyombo vya udongo vilivyopakwa rangi kutoka nchi za Ghuba. Mji ulikuwa na sarafu zake wenyewe za shaba. Msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri.

Katika zama hizo Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogelea la pembe nane. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba pale katika miaka ya 1960 walikuta dalili kwamba ujenzi wake haukukamilika na kwamba halikukaliwa kwa muda mrefu. Hata sultani, basi, aliweza kuanza jambo lililozidi uwezo wa kulimaliza.

Baadaye, katika karne ya 19, Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa. Nguo na shanga zilipanda kwenda bara, na binadamu wakashushwa pwani. Aliyevaa kitambaa kile huenda hakujua, au hakutaka kujua, bei yake imelipwa na nani.

Sikusudii kusema kwamba kupenda kitu kizuri ni aibu. Taa ya sola inampa mtoto nafasi ya kusoma usiku. Simu inamwezesha mvuvi wa Somanga kuuliza bei ya samaki kabla hajauza. Ninachosema ni kwamba kila kitu tunachonunua kina maswali mawili yanayopaswa kujibiwa kabla ya kukipokea: nani atakilipia, na atakilipia lini?

Kilichobadilika

Wengi wetu tunakumbuka safari ya Dar es Salaam ilivyokuwa kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa kwenye Mto Rufiji mwaka 2003. Watu walisubiri kivuko, na wakati wa mvua magari yalilala njiani kwa siku kadhaa. Bidhaa zilifika chache na kwa kuchelewa. Sasa kuna daraja na barabara ya lami. Mzigo unaotoka Kariakoo usiku unaweza kuwa dukani Kilwa Masoko au Lindi mjini kesho yake. Haya ni maendeleo, wala hakuna anayetamani kurudi nyuma.

Lakini pamoja na bidhaa, utaratibu wa kununua nao umegeuka. Zamani mavuno yalitangulia na manunuzi yakafuata. Korosho zikiuzwa, ndipo zinaponunuliwa doti za kanga, bati za nyumba na baiskeli. Siku hizi kitu kinatangulia na mavuno yanafuata nyuma yakikidai. Televisheni ipo ukutani tangu mwezi wa sita, na korosho zitakazoilipia zingali maua.

Jambo la pili lililogeuka ni kipimo cha heshima. Tuchukue sherehe za kuwatoa wali baada ya unyago, au harusi zetu. Asili yake ni mafunzo, dua na kushirikiana. Leo kuna sare ya kitenge ambayo kila jirani analazimika kushona, kuna muziki wa kukodi, kuna mpiga picha, na kuna kutunza hadharani ambako kila mmoja anaona mwenzake ametoa nini. Mama asiyekuwa na sare hukaa pembeni, au hubaki nyumbani kwa kuona haya. Ukiwa na sherehe tano katika likizo moja ya shule, hizo ni sare tano. Hakuna sheria iliyokulazimisha, lakini macho ya watu yanalazimisha kuliko sheria.

Kangomba: msimu unaoliwa ukiwa bado mtini

Hapo ndipo anapoingia mnunuzi wa kangomba. Tangu mwaka 2007 korosho zilianza kuuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, unapimwa kwa mizani, unahifadhiwa ghalani, kisha unauzwa kwa mnada. Katika mkoa wetu minada hiyo husimamiwa na vyama vikuu vya Lindi Mwambao na Runali. Mfumo una kasoro zake, na wakulima wamelalamikia makato na malipo ya kuchelewa. Kangomba ni ununuzi wa nje ya mfumo huo, unaokatazwa na serikali, na mara nyingi hufanyika kwa kupimia bakuli badala ya mizani. Mtu huja na fedha taslimu wakati wa shida, na korosho huwekewa bei ya chini hata kabla hazijaanguka.

Tupige hesabu pamoja. Tuseme mama mmoja anahitaji shilingi 200,000 mwezi wa nane kwa ajili ya sare, zawadi na redio mpya. Mnunuzi anampa fedha hizo kwa sharti la kilo 200 za korosho wakati wa mavuno, yaani shilingi 1,000 kwa kilo. Mwezi wa kumi na moja mnada unatoa shilingi 2,500 kwa kilo. Korosho zile zingempa shilingi 500,000, tuache makato. Kwa kutumia shilingi 200,000 kwa miezi mitatu, amelipa shilingi 300,000 juu yake. Hakuna aliyemtajia neno riba, lakini hiyo ni riba ya asilimia 150.

Tena bei ya mnada haijulikani mapema. Msimu wa 2017/2018 bei ilifika karibu shilingi 4,000 kwa kilo. Msimu uliofuata wakulima walikataa bei za wanunuzi kwa kuwa zilikuwa ndogo, hata serikali ikatangaza mwezi Novemba 2018 kwamba itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300. Aliyepanga matumizi yake kwa bei ya mwaka wa neema alijikuta matatani mwaka mmoja tu baadaye. Deni halina habari na bei ya mnada. Lenyewe hubaki lile lile.

Na wanaolipa si wale waliovaa sare peke yao. Mwezi wa kwanza shule hufunguliwa, na mtoto anahitaji viatu na madaftari. Kisha huja miezi ya kulima, ghala likiwa tupu, na mikorosho inataka kupaliliwa. Kaya iliyouza msimu wake mtini huenda kibarua kwenye shamba la mwingine huku shamba lake likiota magugu, na mwaka unaofuata hupata korosho chache zaidi. Ndivyo manunuzi ya siku moja yanavyoweza kuifunga kaya kwa miaka.

Shilingi elfu moja kwa siku

Njia nyingine ni kununua kwa kulipa kidogo kidogo. Muuzaji hasemi bei ya kitu. Husema, "Ni elfu moja tu kwa siku." Elfu moja ni fedha ndogo, hivyo tunakubali. Lakini tuseme umetoa kianzio cha shilingi 30,000, kisha shilingi 1,000 kila siku kwa miaka miwili. Jumla ni shilingi 760,000. Kama kitu hicho kinauzwa shilingi 400,000 kwa fedha taslimu, basi umelipa karibu mara mbili. Isitoshe, mkulima hapati elfu moja kila siku, na mchokoa pweza hupata zaidi wakati wa bamvua. Mkataba wa kila siku haukuandikwa kwa kuyafikiria maisha yake.

Nasema haya si kwa kuwacheka wenzangu. Nilipoanza kazi nikiwa kijana, nilichukua jokofu kwa mkopo katika duka moja, kwa sababu kila mfanyakazi mwenzangu alikuwa nalo. Sikuuliza jumla ya bei, wala sikusoma karatasi niliyoitia saini. Mwaka huo nilishindwa kumtumia mdogo wangu ada ya shule, naye akakaa nyumbani mwaka mzima. Jokofu lilikufa zamani. Ule mwaka wa mdogo wangu haukurudi.

Haki zako, na mambo ya kufanya

Duniani kote tarehe 15 Machi huadhimishwa kuwa Siku ya Haki za Mlaji. Asili yake ni hotuba aliyoitoa Rais John F. Kennedy wa Marekani mwaka 1962, alipotaja haki nne: kuwa salama, kupewa taarifa, kuchagua, na kusikilizwa. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya kumpotosha mlaji, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka wakopeshaji wawe na leseni. Ili haki hizi zikusaidie, naomba uzingatie yafuatayo:

1. Uliza bei mbili: bei ya taslimu, na jumla ya utakachokuwa umelipa hadi siku ya mwisho. Asiyetaka kukutajia jumla, mwache na bidhaa yake.

2. Usitie saini wala dole gumba kwenye karatasi usiyoielewa. Omba isomwe kwa Kiswahili mbele ya mtu unayemwamini, nawe ubaki na nakala.

3. Muulize mkopeshaji leseni yake. Usimwachie mtu yeyote kadi yako ya benki, namba yako ya siri au kitambulisho chako kuwa dhamana.

4. Dai risiti, na uitunze. Tazama alama ya ubora ya TBS na tarehe ya mwisho wa matumizi. Bila risiti ni vigumu kuthibitisha ulinunua wapi.

5. Uza na ununue kwa mizani. Bakuli na lumbesa havimfai mkulima. Mwenye mizani ya udanganyifu ashitakiwe kwa Wakala wa Vipimo.

6. Ukidhulumiwa, anza kwa kumwendea muuzaji mwenyewe, ikiwezekana kwa maandishi. Asipokusikiliza, peleka malalamiko yako panapohusika: Tume ya Ushindani kwa bidhaa bandia na udanganyifu, TBS kwa ubora, TCRA kwa huduma za simu, EWURA kwa umeme, maji na mafuta, na Benki Kuu kwa mikopo. Usipojua pa kuanzia, mwone Afisa Mtendaji wa kata au Afisa Biashara wa halmashauri akuelekeze.

Lipo na la saba, ambalo halimo katika sheria yoyote. Kabla ya msimu kuanza, mume na mke wakae pamoja na watoto wakubwa, wafungue daftari. Waandike kwanza chakula cha kufikia mavuno mengine, ada, matibabu na gharama za shamba. Pili waandike madeni. Kitakachobaki ndicho cha sare, redio na zawadi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari linalofahamika kwa mtu mmoja tu ni kama halipo.

Ninyi wazee na makungwi mna uwezo ambao ofisi yoyote ya serikali haina. Mkitamka kwamba katika kijiji hiki mwali atatolewa bila sare ya lazima, na kwamba atakayekuja na kanga yake ya zamani atapewa kiti cha mbele, mtakuwa mmewaokoa kina mama wengi kutoka mikononi mwa kangomba. Aibu ililetwa na watu, nao watu wanaweza kuiondoa.

Wazee walituachia usemi: kukopa harusi, kulipa matanga. Ninawaombea msimu mwema, wenye bei nzuri. Mungu akijalia neema hiyo, ikute korosho zetu zikiwa bado ni zetu.