Uvimbe Usiouma: Mada Kuhusu Saratani ya Matiti

Ndugu Mwenyekiti, mama zangu na dada zangu wa vikundi vya vicoba, watoa huduma wa afya wa kata zetu,

Mada niliyopewa ni pana. Nitakaa zaidi kwenye jambo moja: muda unaopita tangu mwanamke aguse uvimbe hadi apate majibu ya maabara. Hapo ndipo tunapowapoteza wengi.

Mwanzoni uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi. Mama anaugusa akioga, anaona haumsumbui, anafunga kanga yake na kwenda gengeni. Ukimuuliza atasema labda ni maziwa yaliyoganda. Maumivu yakija, au kidonda kikafumuka, huenda ugonjwa umeshaingia kwapani, pengine hata kwenye mifupa. Hapa Tanzania wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa hatua ya 3 au ya 4, na inauma sana, maana saratani hii ikikutwa mapema hutibika.

Ijueni miili yenu. Siku chache baada ya hedhi kwisha, simama mbele ya kioo, inua mikono. Tazama kama titi limebadilika umbo, kama chuchu imezama ndani na zamani haikuwa hivyo, kama ngozi imefanya vishimo mithili ya ganda la chungwa. Ukioga, mkono ukiwa na sabuni, pitisha vidole vitatu vya kati taratibu kuanzia kwenye mtulinga hadi chini ya titi, kisha kwapani. Chuchu ikitoa majimaji yenye damu, usinyamaze. Wanaume nao huugua, japo ni wachache. Uvimbe mwingi si saratani, lakini wa kukuhakikishia hilo ni hospitali, si jirani wala mganga.

Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa mwaka 2021, linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Kwa hiyo niwaombe wenzangu wa zahanati: mama mwenye uvimbe kwenye titi msimpe dawa ya maumivu na kumwambia arudi baada ya miezi mitatu. Mwandikieni rufaa siku hiyohiyo. Na mwelezeni kwa upole habari ya kutolewa kinyama cha kupimwa maabara. Wengi wanakimbia hapo, wakiamini kwamba sindano au kisu husambaza saratani. Si kweli. Bila kinyama hicho daktari hawezi kujua ni saratani ya aina gani, wala dawa ipi itaifaa.

Linabaki suala la nauli, na hili ni letu. Barua nyingi za rufaa hulala kabatini kwa kukosa pesa ya basi la kwenda hospitali ya Ocean Road au ya Bugando. Kila kikundi kilichopo hapa kina mfuko wa jamii, ambao tumezoea kuufungua kwa misiba. Naomba kikao chenu kijacho kipitishe kwamba mwanachama mwenye barua ya rufaa apewe nauli humo, na mtu wa kumsindikiza.